Aya Niliyotumwa Kuitafuta

Mheshimiwa Mwangalizi wa Jimbo letu. Mchungaji Kiongozi pamoja na mama mchungaji. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Wazee. Wazee wa kanisa na mashemasi. Wageni waalikwa kutoka kanisa la jirani, ambao leo mmezima spika zenu ili sisi tusikilizane. Ndugu zangu wa kwaya. Wanangu na wajukuu zangu. Na wewe mume wangu, fundi viatu wa watu, uliyekaa karibu na mlango kama mtu anayejiandaa kutoroka: nawasalimu nyote katika jina la Bwana.

Namsalimu pia aliye nje. Namsalimu Nesi, aliyekaa kwenye benchi la veranda, dirisha la pili kutoka mlangoni, mahali anapokaa kila Jumapili kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Nesi, kipaza sauti kinafika huko? Naona umeinua mkono. Vizuri. Leo nataka usikie kila neno.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi na ameniomba nisizipitilize kwa sababu chakula kitapoa. Nitazipitiliza, kwa hiyo wenye vidonda vya tumbo wanaweza kutangulia kuonja kidogo, Mungu anaelewa.

Nianze na shukrani, maana sikulelewa vibaya. Mmenipa kiti cha kuegemea, bado kiko ndani ya nailoni yake, na aliyenikabidhi amesema nikakikalie nipumzike baada ya miaka ishirini na sita ya kuwa katibu wa Baraza la Wazee. Asanteni sana. Mmenisifu pia. Mzee wetu mwalimu wa hesabu amesema mwandiko wangu unasomeka hata bila miwani. Kiongozi wa kwaya amesema sijawahi kuchelewa kikao, na hilo ni kweli, kwa sababu funguo za chumba nilikuwa nazo mimi. Kisha akasimama Mwenyekiti wetu, akasema jambo lililonifanya niikunje hotuba niliyokuwa nimeiandika kwa siku nne na kuirudisha kwenye mkoba. Amesema hivi: "Dada yetu huyu, kwa miaka ishirini na sita, hajawahi kuiacha safu ya tatu wazi." Mkapiga makofi. Wengine mkasimama kabisa.

Ndugu zangu, nimepigiwa makofi mara chache maishani, na haya yameniuma. Nitawaeleza kwa nini, na nitawaeleza nikiwa nimekasirika, kwa sababu nimekasirika tangu Alhamisi na sioni sababu ya kujifanya malaika siku yangu ya mwisho kazini.

Kwa faida ya wageni, nieleze hiyo safu ya tatu ni kitu gani. Kitabu chetu cha muhtasari wa vikao, hiki nilichokishika, kila ukurasa wake una safu tatu. Ya kwanza ni hoja iliyoletwa. Ya pili ni uamuzi wa Baraza. Ya tatu ni andiko. Katiba yetu, kifungu cha tisa, inasema kwamba uamuzi wowote usio na andiko katika safu ya tatu si uamuzi wa Baraza, na hakuna mshirika anayelazimika kuufuata. Waliotutangulia waliweka utaratibu huo kwa nia njema kabisa. Walitoka kwenye makanisa ambako mkubwa akikohoa tu watu wamekatazwa jambo, na wakiuliza wanaambiwa ndivyo tulivyopokea. Wakasema, hapa kwetu hatutaamriwa na cheo cha mtu wala na mazoea. Yatakayosema ni Maandiko, peke yake. Nani atabishana na hilo? Mimi sibishani nalo. Nilibatizwa katika imani hiyo na ndiyo nitakayozikwa nayo.

Lakini niwaulize wazee mliokaa mstari wa mbele hapa: ni mara ngapi tulifungua Maandiko kwanza, tukasoma, tukanyamaza, halafu ndipo tukaamua? Mzee fundi bomba, wewe una miaka kumi na minane barazani. Mara ngapi? Naona unaangalia viatu vyako. Vimeng'arishwa vizuri, ni kazi ya mume wangu. Basi nitakujibia mimi niliyekuwa naandika. Tulikuwa tunajadili, tunapandishiana sauti, tunapiga kura, tunakunywa chai, na vikombe vikishakusanywa Mwenyekiti ananigeukia na kusema, "Katibu, tafuta aya." Nyinyi mnakwenda zenu nyumbani. Mimi nabaki na ile konkodansi, lile buku linaloorodhesha kila neno la Biblia na mahali lilipo, nikitafuta Mungu aliungaje mkono jambo ambalo tayari lilikuwa limeshapita.

Nimelitafutia aya tangi la maji la lita elfu tano. Nimeitafutia aya rangi ya mlango wa choo. Mwaka ule mliogombana kuhusu gitaa, nilitafuta aya ya kuliruhusu mwezi wa pili na aya ya kulikataa mwezi wa sita, na kila moja niliipata kabla chai haijapoa. Mpiga gitaa mwenyewe alichoka na aya zetu, akahamia kanisa la jirani, na pale alipokaa anatabasamu.

Wageni wetu wa kanisa la jirani, nasikia mnacheka. Chekeni, lakini kidogo. Nyinyi mlitoka humu humu. Mlitoka kwa sababu ya kikombe cha Meza ya Bwana, kiwe na divai au kiwe na maji ya zabibu yasiyochachuka. Mlikuja na aya tisa, sisi tukawa na kumi na moja, tukajiona washindi, mkajenga ukuta. Sasa kila Jumapili mahubiri yenu yanaingia kwetu na yetu yanaingia kwenu, mpaka watoto wetu wanajua mapambio yenu kuliko yetu. Biblia zenu na zetu zinanunuliwa duka moja, zinatolewa rafu moja. Na sasa nasikia mna mgogoro mpya, wa siku ya ibada, na kwamba wapo walioanza kupima kiwanja nyuma ya shule. Wakiondoka watasema walichosema nyinyi mlipoondoka, na tulichosema sisi tulipobaki: sisi hatufasiri, sisi tunasoma tu kilichoandikwa. Ndugu zangu, kama sote tunasoma tu kilichoandikwa, kuta hizi zinaongezeka kwa kazi ya nani?

Mume wangu mnamjua. Yeye ni wa kanisa la mapokeo, lile la zamani lenye kengele. Tumeoana miaka arobaini, tumebishana miaka thelathini na tisa na nusu. Siku moja mezani, wakati wa chakula cha mchana, nilikuwa namsimanga kama kawaida yangu. Namwambia, hili lenu liko wapi katika Maandiko, na lile liko wapi, nionyeshe. Yeye anatafuna tu. Alipomaliza kutafuna akaniuliza taratibu, "Mke wangu, na ile safu yenu ya tatu, yenyewe iko wapi katika Maandiko?"

Nilimwambia asiniletee ubishi wa kibandani kwake. Sikumsemesha siku mbili. Watu wa nyumbani walidhani nimenuna, kumbe nilikuwa natafuta. Nilitafuta kwa ujuzi wangu wote wa miaka hiyo, ndugu zangu, na mnaujua ujuzi wangu. Sikuiona. Siku ya tatu akaniwekea chai na kusema, "Kwetu mkubwa akikosea, tunamjua, tunamlalamikia kwa jina lake. Kwenu akikosea mtu, mnasema Mungu ndiye aliyesema."

Asijione bingwa. Huko kwao barua ya kuturuhusu tuoane ilikaa kwenye droo ya ofisi miezi minane, na kila nilipoifuatilia niliambiwa ni utaratibu. Kwa hiyo sisemi tubomoe hapa twende kwao. Nasema kwamba aliniuliza swali la haki, na nilirudi kazini nikaendelea kuijaza safu ya tatu kana kwamba sijaulizwa kitu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Fundi cherehani wetu yuko hapa, mstari wa nne wa viti, yule aliyeshona mapazia haya mnayoyaona. Mama, nakuomba radhi kwamba sikukuuliza mapema. Sikujua kama nitasema. Ukiinua mkono nitaacha hapa hapa na nitakwenda kukaa. Nasubiri.

Hujainua. Asante, mama.

Miaka kumi na moja iliyopita, dada yetu huyu alijifungua mtoto njiti, kabla ya mwezi wa saba. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, daktari alimwambia mtoto hatafika mchana. Mume wake alikuwa safarini kikazi. Mchungaji tuliyekuwa naye wakati huo alipigiwa simu mara tatu. Simu ilikuwa imezimwa kwa kuwa alikuwa kwenye semina, na simlaumu, semina yenyewe ilihusu mafundisho sahihi. Zamu ya wodi ilikuwa ya Nesi. Mama akamwambia, "Dada, mbatize. Asiondoke hivi hivi bila jina." Nesi akajibu, "Mimi si mchungaji, mdogo wangu." Mama akasema, "Lakini maji unayo."

Nesi akachukua kikombe kidogo cha kupimia dawa, akakinga maji ya bomba. Akayashika kwanza kiganjani kwa sababu yalikuwa ya baridi. Akammwagia mtoto kichwani, akamtaja jina, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mtoto aliishi dakika arobaini, mikononi mwa mama yake. Hilo ndilo kosa lote la Nesi. Nimelimaliza kwa pumzi chache, lakini katika kitabu hiki limechukua kurasa kumi na nne.

Mlilijadili miezi mitatu. Mzee mwalimu wa hesabu alisema mtu huamini kwanza ndipo abatizwe, na mtoto wa siku tatu hawezi kuamini, kwa hiyo ubatizo haukuwepo. Mzee fundi bomba akasema Maandiko yanataja watu waliobatizwa na nyumba zao, na nyumbani kuna watoto. Mwalimu akauliza imeandikwa wapi kwamba nyumba zile zilikuwa na watoto. Fundi akauliza imeandikwa wapi kwamba hazikuwa nao. Mwingine akasema kubatiza ni kuzamisha, na kikombe cha dawa hakimzamishi mtu yeyote. Mwingine akasema mwanamke hana ruhusa. Mwingine akauliza ruhusa ya nini, ya kumwagia mtoto maji? Niliandika yote. Kikao cha tatu fundi bomba alilia mbele za watu, na hilo pia niliandika, halafu akaniomba nilifute.

Mtoto alikuwa ameshazikwa wakati huo. Alizikwa na watu wa manispaa, bila mchungaji wala kwaya, kwa sababu Baraza lilisema haliwezi kushiriki kabla halijajua kama mtoto alikuwa wetu.

Sikilizeni vizuri hasira yangu iko wapi, msije mkanisingizia. Ubishi wa maji siulaumu. Wakristo wamebishana kuhusu maji tangu zamani na wataendelea hata sisi tukishaondoka, na wale wazee walikuwa watu wazima, wenye akili, wanaoipenda Biblia, na kila mmoja alisoma sawasawa mahali alipofungua. Ninacholaumu ni kilichofuata. Miezi mitatu imepita, hamjakubaliana Maandiko yanasema nini. Mtu mkweli angeandika katika safu ya pili: hatujakubaliana. Neno moja tu, linaenea hata kwenye mstari mmoja. Badala yake mlipiga kura. Saba wakasema Nesi atengwe na Meza ya Bwana na akae nje mpaka atubu hadharani, watano wakasema asitengwe. Kura moja tu ingehama, tungekuwa sita kwa sita, na Nesi angekuwa ndani leo. Na kesho yake Jumapili lilitangazwa hapa, kwenye kipaza sauti hiki, kwamba Maandiko yamemhukumu.

Maandiko gani? Wakati mnapiga kura hakuna Biblia iliyokuwa wazi mezani. Nakumbuka, kwa sababu meza niliifuta mimi. Biblia zilikuwa zimefungwa zote, juu yake mmeweka kofia na funguo. Aya ilikuja baadaye. Mwenyekiti, ulinigeukia ukasema, "Katibu, tafuta aya." Ilikuwa saa saba mchana.

Nilibaki peke yangu ofisini, kwenye ile meza ya kando ya kabati la vyombo vya ushirika. Nilianza na neno maji. Maji yalinigomea. Kila nilipofungua, maji yalikuwa upande wa Nesi: yanaosha, yanaponya, anapewa mwenye kiu. Nikajaribu neno mtoto, na hapo mambo yakaharibika kabisa, maana kila nikigeuza ukurasa mtoto anaitwa asogee. Nikajaribu mwanamke. Nikapata mistari ya kumnyamazisha, nikapata na wanawake waliotumwa wakaseme, na nilijua nikiandika ile ya kwanza fundi bomba ataniletea ile ya pili. Saa tisa na nusu nilikuwa sina kitu, na nilikuwa na njaa. Nikatafuta neno moto. Nikawakuta wale makuhani wawili waliopeleka mbele za Bwana moto ambao hakuuagiza, ukawala. Nikaiandika kwenye safu ya tatu. Nikafunga kitabu, nikaenda nyumbani kula.

Moto, jamani. Kwa mwanamke aliyeyapasha maji kiganjani ili mtoto asishtuke. Nilijua haifai wakati naiandika. Nilijua kwamba aliyeandika habari za wale makuhani hakuwa anamfikiria mwanamke wa zamu ya asubuhi. Lakini ilikuwa aya, ilikuwa na sura na mstari, ilijaa safuni vizuri, na Mwenyekiti alipoisoma alisema, "Umeipata." Hakuna mzee hata mmoja kati ya wale saba aliyeuliza inahusianaje, na hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyefungua kuitazama. Mimi sikuwa na kura. Katibu hana kura. Nilikuwa na kalamu tu, na hiyo kalamu ikawatosha.

Na si kwamba sikumjua mtu niliyemwandikia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Nesi alikuwa anapita nyumbani kwangu kila akitoka zamu, miezi mitano, kumsafisha mama yangu vidonda vya mgongo. Mama yangu alikuwa mkali, Mungu ampumzishe. Alimtukana Nesi kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya Mwangalizi. Nesi alikuwa anamjibu, "Nitukane, bibi, ila geuka kidogo." Mama alikufa akiwa safi. Kisha mimi, binti yake, nikakaa ofisini na konkodansi.

Baada ya lile tangazo nilikutana na Nesi sokoni. Nilitaka kujificha nyuma ya magunia, akawa ameshaniona. Akanisalimia, akauliza hali ya nyumbani, halafu akasema, "Huyo aliyeitafuta ile aya, Mungu amsamehe. Bila shaka hanijui." Mimi nikasema amina. Nilisimama pale na kikapu changu, nikasema amina.

Nesi, ni mimi. Niliyeitafuta ni mimi, na nilikuwa nakujua. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikipita mbele ya benchi lako kila Jumapili na kitabu hiki kwapani, unanisalimia, unaniuliza mgongo wangu unaendeleaje, nami naingia ndani kushiriki Meza ambayo nimekufungia. Naomba unisamehe. Sina aya ya kukulazimisha.

Mtauliza, kwa nini leo? Kwa nini nisingekwenda kwake kimya kimya, tukalia, yakaisha? Nakuja kwenye hilo. Nesi amestaafu. Wiki ijayo anahamia mbali, kwa binti yake, kwa sababu macho yamepungua na hawezi tena kuishi peke yake. Na mnajua utaratibu wa makanisa yetu: mshirika akihama hubeba barua ya utambulisho, yenye saini ya katibu na saini ya Mwenyekiti. Bila barua, huko aendako atapokelewa kama mgeni. Hatashiriki Meza, na siku yake ikifika watauliza huyu ni wa nani, kama mlivyouliza kwa mtoto yule. Mwanamke aliyewafumba macho wafu wa nusu ya ukumbi huu atafumbwa macho na wasiomjua.

Alhamisi nilimpelekea Mwenyekiti ombi la barua hiyo. Akanijibu kwa upole. Mwenyekiti ni mtu mpole, na ningefurahi sana kama angekuwa mkorofi, ningepata usingizi. Akasema, "Dada yangu, hata mimi naumia. Lakini mikono yangu imefungwa. Uamuzi upo na aya ipo. Mimi ni nani nipingane na Neno?"

Mwenyekiti, nakuheshimu. Umri wako ni wa kaka yangu mkubwa. Lakini niambie mbele ya ndugu zetu, ni Neno gani hilo unaloogopa kupingana nalo? Ni lile nililoliokota mimi saa tisa na nusu, nina njaa? Unamwogopa Mungu hapo, au unaogopa mwandiko wangu? Nakubali Maandiko ndiyo yatuamue. Nitalikubali hilo mpaka nife. Ninachokataa, na ninakataa kwa nguvu zote nilizobakiza, ni mtu kutaka jambo, akalipigia kura, akalipata, halafu akarudi nyuma na kusema yeye hakutaka, ni Biblia ndiyo iliyotaka. Ukitaka kumfukuza mtu, sema mimi namfukuza. Weka jina lako katika safu ya tatu, ukae nalo, watu wakuulize. Usimvalishe Mungu kofia yako.

Mheshimiwa Mwangalizi, najua ulikuja kuniaga na kula nasi, na hukutegemea haya. Nivumilie, nakaribia kumaliza. Katiba yetu ina kifungu cha kumi pia, ambacho Mwenyekiti mwenyewe alikiongeza baadaye kwa mkono wake, nami nikakinakili. Kinasema katibu akigundua amekosea katika jambo aliloliandika, atalisahihisha kwa kulipiga mstari mmoja na kuweka saini pembeni, alimradi afanye hivyo kabla ya kukabidhi kitabu. Ratiba mliyonipa inaonyesha kukabidhi kitabu ni baada ya hotuba hii.

Ukurasa ni huu. Mnauona kutoka huko? Napiga mstari mmoja juu ya aya niliyoiandika. Si juu ya uamuzi; uamuzi ni wenu, kura saba zenu zimekaa pale pale katika safu ya pili, sizigusi, wajukuu zenu watazisoma. Nafuta ya kwangu tu. Naweka saini pembeni, na tarehe ya leo. Haya. Sasa safu ya tatu iko wazi, na kwa kifungu cha tisa mlichonipigia makofi, jambo hili tangu sasa si uamuzi wa Baraza, na Nesi hayuko chini ya adhabu yoyote.

Mwalimu wa hesabu, usisimame, nimekuona. Unataka kusema Baraza linaweza kutafuta aya nyingine. Linaweza. Tafuteni. Lakini katibu wa zamani anawapa ushauri wa bure: safari hii asitumwe mtu mwingine. Atakayeipata atoke nayo hapo verandani, akae kwenye lile benchi kando ya Nesi, amsomee kwa sauti yeye mwenyewe, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Akimaliza amweleze inamhusuje yeye na kile kikombe. Na fundi cherehani akae hapo hapo asikilize. Kama mtu anaweza kuyafanya hayo mpaka mwisho, basi nitaanza kufikiri kwamba labda ni Mungu aliyemtuma.

Barua hii hapa. Niliiandika Alhamisi ile ile, nikakaa nayo mkobani nisijue nitaifanyia nini. Ina mistari sita. Inasema Nesi ni mshirika wetu, kwamba ameishi kati yetu kwa uaminifu, na kwamba tunaomba apokewe Mezani. Nimetia saini yangu. Naiweka hapa mezani mbele ya Mwenyekiti, na muhuri uko kushoto kwake.

Niwashukuru wote mliokuja, waliopika, waliopanga viti, wageni wetu mliozima spika, na mume wangu ambaye kumbe hakutoroka. Nimewachosha na chakula kimepoa, lakini mmenipa masikio yenu mpaka mwisho, na kwa hilo Bwana awabariki. Mashemasi wa mlangoni, mfungulieni Nesi aingie. Mwenyekiti, kalamu ni hii. Ukumbi mzima unakungoja.